Kijiji cha baba, nyumba ya bibi

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, nimelelewa Unguja na mama. Baba yangu alikuwa Mmalei wa kijiji kimoja karibu na Kuala Pilah, jimbo la Negeri Sembilan, Malaysia. Mama alisoma huko, wakaoana, wakaachana nikiwa na miaka mitatu tukarudi nyumbani. Baba alifariki mwaka juzi, nami sikuwahi kumwona tena. Sasa dada yake mkubwa ameniita nikale Idi kwao. Kimalei changu ni cha salamu na asante tu. Nataka kuijua mila ya upande ule wa damu yangu, na nataka kuiona nyumba ya baba. Nianzie wapi, na nifanyeje ili wasidhani nimefuata mali?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba, hata kama umepita. Mtu unaweza kumlilia baba usiyemjua vizuri, tena kilio chake ndicho kigumu.

Nianze na maneno yako mawili, maana ukiyabeba hivyo hivyo hadi Kuala Pilah yatakukwaza siku ya kwanza. Umeandika "nyumba ya baba". Nyumba ipo, lakini haikuwahi kuwa ya baba yako. Ni ya bibi yako mzaa baba, na kabla yake ilikuwa ya mama yake bibi, na leo ni ya huyo shangazi aliyekuita pamoja na dada zake. Baba yako alizaliwa humo akakulia humo, lakini tangu siku anatahiriwa alijua kwamba ataondoka: ataoa, na atahamia kwa mkewe. Mwanamume wa kule huwa mwenyeji kwa mama yake na mgeni kwa mke wake, maisha yake yote.

Negeri Sembilan maana yake ni nchi tisa. Wamalei wake wengi ni wa asili ya Minangkabau, waliovuka mlango wa bahari wa Melaka kutoka Sumatra karne nyingi zilizopita, wakaja na sheria yao ya jadi iitwayo adat perpatih. Neno adat unalijua, ni ndugu wa "ada" yetu ya "ada na desturi", limetoka Uarabuni likafika kwao na kwetu. Kwa sheria hiyo ukoo hupita kwa mama. Koo ziko 12, kila moja huitwa suku, na watu wa suku moja hawaoani, hata kama hawawezi kutaja babu aliyewaunganisha. Ndani ya suku kuna matawi, na tawi huitwa perut, yaani tumbo. Sisi tunaposema "ndugu wa tumbo moja" tunamaanisha watoto wa mama mmoja na tunaishia hapo. Wao wamelipanua tumbo hilo mpaka likameza vizazi vingi, likapata na mkubwa wake, buapak. Juu ya buapak yuko lembaga, mkuu wa suku, na juu ya malembaga wako undang wanne, wakuu wa maeneo: wa Sungai Ujong, Jelebu, Johol na Rembau. Hao wanne ndio wanaomchagua mtawala wa jimbo, desturi iliyoanza na Raja Melewar, aliyeletwa kutoka Pagaruyung, Sumatra, mwaka 1773. Na hapa pana kichekesho: utawala wenyewe hupita kwa baba. Mfalme anarithi kiti kwa upande ambao raia wake hawarithi hata jembe.

Nakuonya pia juu ya vitabu. Ukienda dukani ukanunua kitabu cha mila za Wamalei, huenda kinaeleza adat temenggung, inayofuatwa karibu peninsula yote, ambako mambo ya ukoo na mirathi yanafanana zaidi na uliyoyazoea. Perpatih ni ya Negeri Sembilan na Naning, sehemu ya Melaka inayopakana nayo. Ukimnukulia shangazi yako kitabu cha Johor, jimbo la temenggung, atakusikiliza kwa adabu tu.

Mimi ni mzaliwa wa Matombo, Uluguru, na sisi nasi ukoo ni wa mama, na mashamba ya ukoo yalikuwa ya kina mama. Niliposimuliwa perpatih mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia mwenyeji wangu kwamba nimesafiri bahari nzima kuja kufundishwa mambo ya bibi yangu. Wala huhitaji kwenda mbali hivyo. Ngazidja, Waislamu wenzenu wana manyahuli, mali ya ukoo inayokaa mikononi mwa wanawake. Lamu, mzazi mwenye uwezo hujengea binti. Kwa hiyo mtu akikuambia barazani Unguja kwamba watu wa baba yako wanapinga sheria ya mirathi, usibishane naye, lakini usimwamini haraka. Ugomvi huo wamekuwa nao wenyewe kwa miaka mingi, na walipofikia ni hivi: ardhi ya ukoo, tanah adat, imeandikwa hivyo kwenye hati tangu sheria ya mwaka 1909, na haihamishwi ila kwa mwanamke wa suku ile ile. Mali ambayo mtu ameichuma mwenyewe hugawanywa kwa mirathi ya Kiislamu. Na ndoa ikivunjika wana kauli moja fupi: carian bahagi, dapatan tinggal, pembawa kembali. Kilichochumwa pamoja kigawanywe, alichokuwa nacho mke kibaki, alichokuja nacho mume kirudi.

Sasa wewe. Nitalisema bila kulizungusha, kwa sababu ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa binamu mwenye mdomo. Kama suku hupita kwa mama, na mama yako ni wa Unguja, basi wewe huna suku. Katika kijiji kile, wewe si mtu wa tumbo lile.

Ila kabla hujahuzunika, muulize mama swali moja: alipoolewa, je, alifanyiwa shughuli ya berkedim? Mwanamke wa nje akiolewa na mtu wa Negeri Sembilan, anaweza kupokelewa katika suku, isiwe ya mumewe maana wangekuwa wameoana ukoo mmoja. Huchinjwa mnyama, watu wanakula, lembaga anashuhudia, na tangu hapo ana dada na mama wa kule, na watoto wake wanazaliwa na ukoo. Kuna kupokelewa kimila tu, na kuna kupokelewa kimila na urithi, na tofauti yake ni kubwa sana kwa wenyewe. Wanandoa wengi wa siku hizi, hasa waliofungia ndoa mjini, hawaifanyi. Lakini huenda mama anakumbuka mbuzi na ubwabwa wa siku fulani, na hakuambiwa vizuri ilikuwa shughuli gani. Muulize.

Kama haikufanyika, bado unalo jina lako kule. Upande wa mama huitwa pesaka, upande wa baba huitwa baka. Wewe ni mtoto wa baka: mtoto wa kaka wa wenye nyumba. Hilo halikupi shamba, lakini linakupa shangazi, na linakupa haki ya kupanda ngazi ile bila kubisha hodi mara tatu. Nenda kwa jina hilo. Usiseme "nimerudi kwetu". Sema umekuja kwa ndugu za baba, nao watakuambia wenyewe ni kwenu. Ukisubiri kuambiwa, neno lina uzito mwingine.

Kuhusu mali jibu ni fupi: siku za Idi usilitaje. Kama kuna kitu baba alichuma mwenyewe na una haki nacho kwa mirathi, hilo ni la vyombo vya sheria, kwa karatasi, na lina wakati wake. Mimi kosa hili nimelifanya kwa mdomo wangu. Nikiwa mtafiti mchanga, siku ya kwanza barazani kwa watu, niliuliza hati ya shamba imeandikwa jina la nani. Mazungumzo yakakauka. Mama mwenye nyumba akainuka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Jioni mumewe alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia polepole kwamba yeye mwenyewe ameishi katika nyumba ile miaka thelathini na hajawahi kuuliza.

Nyumba yenyewe, kama bado ni ile ya zamani, isome tangu uani. Imesimama juu ya nguzo, sakafu iko juu ya kichwa cha mtoto. Chini ya ngazi tafuta tempayan, mtungi mkubwa wa udongo, na kando yake chombo cha kuchotea cha kifuu cha nazi. Ni kata yetu ile ile. Maji yale ni ya kunawa miguu. Viatu vinabaki chini. Paa ni refu na ncha zake mbili zimeinuka kidogo, kama omo na tezi ya jahazi lisilo na shehena. Zamani liliezekwa kwa makuti ya rumbia, leo utakuta bati. Ukishapanda, unaingia serambi, baraza ndefu ya mbele. Madirisha yake yanashuka hadi sakafuni na kizuizi kifupi cha nakshi, kwa sababu watu huketi chini, na upepo unatakiwa umpige aliyeketi. Ukuta unaofuata una mlango wa kuingilia rumah ibu. Tafsiri yake ni nyumba ya mama, na usiipite mbio. Chumba kikuu cha nyumba kinaitwa mama. Nyuma kabisa ni jiko.

Usiketi serambi popote unapopaona. Upande wa ndani kabisa wa baraza, mbali na ngazi, ni wa wakubwa wa ukoo. Upande wa mwingilio ndiko wanakokaa orang semenda, wanaume walioolea hapo. Siku ya shughuli utawaona wazee wenye mvi na magari mazuri wamejibana karibu na mlango, na kijana mmoja amekaa kule mwisho kwa utulivu, kwa sababu yeye ni wa tumbo na wao ni wa ndoa. Wewe kaa waliko wanawake na uachie shangazi akupange.

Uliza pia tiang seri ni ipi. Ni nguzo ya kwanza kusimamishwa nyumba ilipojengwa, na swali hilo moja huwafungua wazee kuliko daftari zima la maswali. Tazama zilivyoungwa mbao: ulimi na tundu, kabari, hakuna msumari. Kama ni cengal, mti mgumu kuliko mvule wetu, hata mchwa umejaribu ukachoka. Lakini jiandae kwa jambo jingine pia. Nyumba nyingi za aina hii ziko tupu. Wenye nyumba wanapokuwa dada watano, wanne wakiwa Seremban na Kuala Lumpur, hakuna wa kuiuza na hakuna wa kuikarabati. Mmoja amejenga ya matofali nyuma yake, na ile ya bibi imeinama pole pole huku imejaa vyombo vya harusi. Ukiikuta hivyo usiseme "masikini". Omba ruhusa upande, piga picha kila kona, pima vyumba hata kwa hatua zako, na uandike nani alilala wapi.

Lugha usiiogope. Kimalei cha kwao kina lahaja yake, a ya mwisho mara nyingi inageuka o: apa inakuwa apo, na Negeri yenyewe wanaiita Nogori. Utasikia wakijiita den, yaani mimi. Wewe usiitumie kwa wakubwa, tumia saya, au jitaje kwa jina lako kama watoto wa kule wanavyofanya. Shangazi mkubwa ni Mak Long, wa katikati Mak Ngah, wa mwisho Mak Su, na bibi wengi humwita uwan. Maneno hayo hayatenganishi shangazi na mama mkubwa, kwa hiyo usishangae ukijikuta una mama wengi ghafla. Mkono wa mkubwa unaupokea kwa mikono miwili na kuugusisha puani au kipajini. Ukipita mbele ya walioketi, inama na ushushe mkono wa kulia. Ukielekeza kitu, tumia kidole gumba, ngumi imefungwa. Cha shahada hapana.

Asubuhi ya Idi utasikia maneno utakayoyaelewa bila mkalimani: maaf zahir dan batin. Msamaha, kwa dhahiri na batini. Mdogo hupiga magoti mbele ya mkubwa akaomba msamaha wa makosa yaliyoonekana na yasiyoonekana. Ikifika zamu yako mbele ya Mak Long, yaseme. Kati ya wewe na watu wale kuna miaka ishirini na moja ambayo hakuna aliyemwandikia mwenzake, na sijui maneno mengine yanayoweza kuibeba kwa pumzi moja. Kisha watu huenda makaburini, husoma Yasini, hunyunyizia maji. Kauli yao maarufu ni hidup dikandung adat, mati dikandung tanah: mtu akiwa hai amebebwa na mila, akifa amebebwa na udongo. Neno dikandung ni la mimba. Hata hapo wamerudi tumboni.

Kama ulipita chuoni ukahitimu Kurani, una ufunguo ambao binamu zako wa Kuala Lumpur wengi wao hawana. Mawe ya makaburi na karatasi za zamani zimeandikwa Jawi, Kimalei kwa herufi za Kiarabu, pamoja na herufi chache za nyongeza: cha kwa jimu ya nukta tatu, pa kwa fa ya nukta tatu, nga kwa aini ya nukta tatu. Wazee wetu wa pwani nao waliongeza herufi kwa shida ile ile. Utayasoma kwa sauti bila kuyaelewa, na mzee aliye karibu ataelewa bila kuyaona. Nimewahi kufanya hivyo na babu aliyefifia macho. Tulimaliza karatasi tatu alasiri moja, kila mtu na nusu yake.

Jumba la kale la Seri Menanti liko karibu na Kuala Pilah na utapelekwa tu: lilijengwa kati ya 1902 na 1908, ghorofa nne, nguzo 99, bila msumari wa chuma. Ni zuri. Lakini hamtalala humo, wala hakuna atakayekuambia pale kwamba baba yako alianguka kwenye ngazi gani. Litengee saa mbili, siku nyingine zote kaa kwa shangazi.

Zawadi chukua kanga, doti nzima kwa kila shangazi, na chagua jina kwa makini, maana utaombwa ulisome na ulitafsiri. Watu hawa wanaishi kwa misemo, na wana teromba, mashairi ya mila yanayoghanwa kwenye shughuli. Jina la kanga litajadiliwa kuliko kitambaa. Wakikuuliza Unguja ni wapi, waambie watu wa pwani yetu si wageni kwao: Tomé Pires, Mreno aliyekaa Melaka kati ya 1512 na 1515, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa wafanyabiashara wa bandari ile. Na utani wa ndoa uutarajie. Mtoto wa shangazi si wa suku moja nawe, anaoleka, na lazima mmoja wao atasukumwa mbele kwa vicheko. Cheka nao.

Mkesha wa Idi usilale mapema. Nje watakuwa wanapika lemang: mchele wa kunata na tui la nazi ndani ya mianzi iliyotandikwa jani changa la mgomba, imepangwa kando ya moto, inageuzwa kwa saa kadhaa. Hiyo ni kazi ya wanaume na soga zao. Wewe ingia jikoni. Kule wanapika kwa manjano, tui zito na pilipili kichaa nyingi mno, onja kabla hujajaza sahani. Kisha uliza kama kuna maman.

Mimi niliiona mara ya kwanza sokoni Kuala Pilah, imefungwa mafungu kwenye ungo wa mama mmoja. Majani matano kama vidole, kijiua cheupe, na ile harufu. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, peke yangu kati ya watu: "Mgagani!" Ni mboga ile ile, si mfano wake. Matombo tunauchemsha, tunamwaga maji ya uchungu, tunaunga kwa karanga au nazi. Wao wanaondoa uchungu vivyo hivyo, kisha wanaupika na tui, pilipili na nazi iliyokaangwa ikatwangwa, taratibu hadi unakauka kuwa rendang nyeusi ya kukaa siku nyingi. Mak Long akianza kuuandaa atahitaji nazi, na atavuta kukuran: kigogo cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Usingoje kufundishwa. Umekalia mbuzi tangu utoto. Jifunge kanga, kaa, anza kukuna.